Vizibo Ishirini Ndani ya Soksi

Ukipita Makongeni leo, mtu akikuambia kwamba yule mama wa chumba cha mwisho alikuwa mla watu, muulize swali moja tu: alimla nani? Akutajie jina la marehemu. Atakuna kichwa, atatazama barabara, halafu atakuambia, "Watu walisema." Watu! Watu walisema mengi miaka ile ya tisini, na mengi yalikuwa upuzi mtupu. Mimi nilikuwa ndani ya chumba hicho karibu kila Jumamosi mchana nikishafunga kibanda changu cha leso sokoni Thika. Nilichokula humo ni githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na chai ambayo sukari ilipita mbali ikaipungia mkono.

Tulimwita Mwenye Meza. Alikuwa na jina lake, alikuwa na kwao, alikuwa na ukoo wa kujaza lori, lakini hayo kawaulize waliomzaa. Mimi namjua kwa meza.

Na meza yenyewe ilikuwa mlango. Alipochoka na mume wake huko Murera, alifunga nguo ndani ya shuka, akachukua bisibisi, akafungua bawaba za mlango wa mbele, akaupakia kwenye mkokoteni wa punda. Ndugu za mume walimfuata njiani wakipiga kelele. Aliwageukia mara moja tu. "Nyumba ni yenu," akawaambia. "Mlango niliununua mimi." Alipofika Makongeni alikuta chumba alichokodi tayari kina mlango, basi ule wake akaulaza juu ya kreti za soda, ukawa meza. Tundu la ufunguo alikataa kuliziba. Kitu chako kikidondoka humo katikati ya mchezo, kimekwenda, hata kama unakiona pale sakafuni. "Shimo limemeza," alikuwa akisema, na hakukuwa na rufaa.

Ngoja niueleze mchezo, maana waliouhukumu hawakuwahi kuuliza. Ni hadithi, lakini si hadithi ya kukaa ukimsikiliza bibi. Kwenye hadithi ya bibi, msichana anaambiwa asifunue chungu, naye anafunua, na wewe umekaa tu unasikitika. Kwa Mwenye Meza, yule msichana ulikuwa wewe. Yeye alikueleza kilicho mbele yako, mto, jitu, soko, msiba, kisha akanyamaza na kukukodolea macho. Wewe ndiye uliyesema unafanya nini. Ukitaka kukiacha chungu na kwenda zako, ulikwenda. Hadithi ilikufuata huko huko.

Alianza kwa kitabu kisicho na jalada alichonunua kwa wale wanaotandaza magazeti ya zamani kando ya barabara pale mjini. Kilikuwa cha Kizungu, na kilitaka vitu. Kilitaka dadu za pande ishirini. Ishirini! Thika utatoa wapi? Kilitaka visanamu vya risasi, karatasi za mraba mraba, mishumaa ya nini sijui. Mtu mwingine angekiweka chini akasema haya ni ya wenyewe. Yeye alikisoma chote, akatumia kurasa asizozipenda kuwashia jiko, na zilizobaki akazibishia. Kitabu kikisema huwezi kucheza bila hiki, alikuwa anakijibu kwa sauti, kama mtu anayegombana na kondakta: "Kwani nani amekataza?"

Badala ya dadu akakusanya vizibo vya soda, akaandika namba kwa rangi ya kucha upande wa ndani, moja hadi ishirini, akavitia kwenye soksi ya kuchezea mpira yenye milia. Ukitaka kufanya jambo lenye hatari, kama kuvuka mto au kumdanganya mlinzi, uliingiza mkono, ukachota kimoja. Namba kubwa, umefaulu. Namba ndogo, pole. Hiyo tuliita kura. Visanamu vilikuwa pegi za nguo, kila mtu na yake, na ramani ilikuwa mifuko ya simiti iliyopasuliwa na kugandishwa kwa uji wa ngano, ikachorwa kwa makaa. Mito ilikuwa ya buluu ya kufulia. Siku moja nilimwaga chai, buluu ikatambaa ikafunika vijiji viwili. Nikaanza kuomba radhi. Mwenye Meza akaniambia, "Usiniombe radhi, hama. Mafuriko yamefika." Tulihama kweli, Jumamosi tatu tulikuwa tunahama.

Mbele yake alisimamisha katoni ya sabuni iliyokatwa upande mmoja, ndiyo boma lake, na nyuma yake alificha siri zake zote za hadithi. Na kila mmoja wetu alipewa maharagwe kumi. Maharagwe ndiyo damu. Ukikatwa panga, unarudisha mawili. Ukianguka mwambani, unarudisha matatu. Yakiisha, umekufa, nenda ukoshe vikombe. Mchezo ukiisha, damu iliyobaki ilitiwa chunguni pamoja na mahindi. Ndiyo maana tulipigana kufa na kupona kulinda uhai wetu. Mkifa wote, mlilala njaa.

Karatasi hakutaka. Kitabu kilisema kila mchezaji aandike mtu wake, nguvu zake, tabia zake. Yeye akasema, "Mtu ambaye huwezi kumkumbuka, si wako." Wangu alikuwa mfanyabiashara mwoga mwenye punda wanne. Wambui, msusi wa nywele ambaye ukimpima na fagio, fagio linashinda, alikuwa mhunzi mkubwa asiyepita mlangoni bila kuinama. Na wa tatu wetu, Karani, alikuwa mpiga mbiu wa mfalme.

Karani alifanya kazi ofisi ya kiwanda fulani, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na fahari yake kubwa duniani ilikuwa Kiswahili chake. Shuleni alichapwa kwa kusema "kura chakura" badala ya kula chakula, kama wengi wa kwao, basi akaapa hatachapwa tena, na kila r aliyokutana nayo njiani akaigeuza l ili awe salama. "Habali za mchana," ndivyo alivyoingia. Alitembea balabalani, alisoma balua, alimheshimu lais. Mimi ni mtoto wa Majengo, Kiswahili nimezaliwa nacho, nao walinitania kwa jina la Mswahili, basi siku za mwanzo nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mwenye Meza alinikata kauli. "Kwa meza hii kila mtu ana mdomo wake," alisema. "Ukimaliza kucheka utaniambia punda wako wako wapi, kwa sababu wakati unacheka wameibwa." Nilipoteza punda wawili. Sikucheka tena, angalau si kwa sauti.

Alikuwa mkali hivyo. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: "Usiniulize kama unaweza. Niambie unafanya, mimi nitakuambia kilichokupata." Wambui alikuja kwetu akiwa mtu wa kuuliza ruhusa ya kupumua. Tajiri wake wa saluni alikuwa akimtuma sokoni kama mtoto, naye anaitikia sawa, sawa. Baada ya miezi ya kuwa mhunzi, siku moja aliingia anacheka peke yake. Yule tajiri alikuwa amemwambia abaki tena Jumamosi. "Nimemwambia naenda," Wambui akasema. "Sijamwuliza, nimemwambia. Haiya! Na nikaenda!" Mwenye Meza akamwongezea sukari, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa sukari, mgomvi wa foleni ya maji, na ukichelewa aliliruhusu jitu likule kidogo kabla hujaketi. Aliimba kwaya, sauti ya tatu, Jumapili zote, na nje ya mchezo hakusema uongo hata wa adabu. Mgeni asiyempenda akibisha hodi, wewe na mimi tungejibana kimya nyuma ya pazia. Yeye alipaza sauti: "Nipo! Lakini sitaki kukuona!" Mwanamke huyo huyo, akishaketi nyuma ya katoni, alikudanganya kwa sauti kumi, ya mzee, ya mwizi, ya mbuzi, mpaka ukasahau jina lako. Alituongoza mapangoni kwa irimu, lile jitu la Wakikuyu lenye mdomo wa pili kisogoni, na sauti yake yeye haikutikisika. Kisha mvua ya kweli ikanyesha, chura mmoja akaruka mlangoni, na Mwenye Meza akawa juu ya kitanda anamwita Mungu. Mhunzi wetu ndiye aliyemtoa yule chura kwa sufuria.

Na alilia. Kulikuwa na ajuza mmoja kwenye hadithi, aliyetupa malazi safari nzima, na kura ikaanguka vibaya, ajuza akafa. Yeye mwenyewe alimtunga, yeye mwenyewe angeweza kumponya, nani angejua? Alitoa machozi ya kweli, akajipangusa na ncha ya kitambaa cha kichwa. "Basi," akasema, "mzikeni upesi, mvua inakuja." Karani alisema tuirudie kura. Mwenye Meza alimtazama mpaka Karani akainamisha kichwa.

Sasa nije kwa jambo lenyewe.

Chumba cha pili kutoka mwisho, ng'ambo ya ukuta wa mbao, aliishi mama mmoja peke yake. Tulimwita Jirani wa Ukuta. Alikuwa mpole, wa salamu fupi, redio yake ilikufa zamani na hakununua nyingine. Miaka ile kila mimbari na kila gazeti lilikuwa na habari za waabudu shetani, walio na majumba, walio na magari, wanaotaka damu. Na Jumamosi ile, kwenye hadithi yetu, mtoto alikuwa ameshikwa na irimu ng'ambo ya mto. Tulibishana nani achote kizibo cha kumwokoa. Karani akasimama, damu imempanda, akapiga meza kwa ngumi na kupaza sauti ya mpiga mbiu: "Kula ya mtoto! Leo lazima tupige kula ya mtoto!" Na Wambui naye, furaha imemzidi tulipofaulu: "Na damu yenye imebaki, tupike!"

Ng'ambo ya ukuta kikombe kilianguka. Tulikisikia. Hatukufikiri kitu.

Kesho yake baada ya kanisa tuliitwa uani, pale penye bomba la maji. Ploti nzima, wapangaji wote, ilikuwepo. Mzee wa mtaa na kofia yake, mwenye ploti na funguo zake, Jirani wa Ukuta amejifunika shali na joto lile. Soksi yetu, pegi na ramani vilikuwa vimetandazwa chini kama maiti. Jirani akaeleza alichosikia, na haki ya Mungu hakuongeza neno. Watu walivuta watoto wao karibu.

Karani hakuvumilia. Alisogea mbele, akarekebisha kola. "Bwana mzee, kuna makosa hapa," akasema. "Sisi hatukusema kula. Tulisema kula!"

Mzee wa mtaa akatega sikio.

"Kula!" akasisitiza, ulimi umekaza. "Si kula ya chakula! Kula! Ya kupiga!"

Kwanza alicheka mtoto mmoja, kisha ua wote. Watu waliegemeana. Hata mwenye ploti funguo zilimlia mkononi. Karani alisimama katikati anatutazama mmoja mmoja, hajui kinachochekesha, maana masikioni mwake alikuwa akisema vizuri. Nilitamani ardhi immeze. Nilidhani yameisha, kicheko kimetuokoa.

Lakini mzee wa mtaa hakucheka muda mrefu. "Ngoja," akasema. "Kura? Nyinyi mnapiga kura chumbani? Kura ya nani?"

Pale ndipo kicheko kilipokatika. Wewe uliyekuwa mtu mzima wakati ule unajua. Kukusanyika chumbani, mlango umefungwa, kupiga kura bila ruhusa ya mtu, kwa serikali ile hiyo ilikuwa jela. Mla watu angalau anaombewa. Nikamwona Karani anaelewa, nikaona ile kazi ya ofisi inamtoka usoni.

Mwenye Meza akapita mbele yake, akamfunika. "Kura ya kujua kama mtu amevuka mto," akasema. "Mto wenyewe ndio huo chini ya kiatu chako, mzee. Umeukanyaga." Mzee akainua mguu haraka. "Mchezo ni wangu, chumba ni changu, neno ni langu. Hawa ni wageni. Ukitaka kujua, usiulize, cheza." Akaokota soksi akamwekea mbele. "Una punda aliyekwama matopeni na fisi yuko nyuma yako. Ingiza mkono."

Nilimwona yule mzee akisita. Vidole vyake vilikwenda mpaka kwenye mdomo wa soksi. Nakuapia alitaka kujua habari ya punda. Kisha akakumbuka kofia, akaurudisha mkono mfukoni.

Mwenye ploti akawa wa busara. Akasema hataki maneno, yeye ni mtu wa amani. "Mama, ni kitu kidogo. Choma hivi vitu hapa, useme mbele ya watu umekosa, urudi ndani kwako. Yaishe."

"Nimekosa nini?"

"Si basi tu useme."

"Nitajie kosa, nami nitalitubu. Nikikosa huwa nasema, mnanijua, niliwahi kusimama kanisani nikasema nilimtukana mwenyekiti wa kwaya, na alistahili. Lakini nikitubu kosa ambalo halipo, huo ni uongo. Na mimi uongo nauweka mezani peke yake."

"Basi utatafuta nyumba."

"Nitatafuta."

Hivyo tu. Hakuinua sauti. Akaokota vizibo vyake kimoja kimoja mavumbini, sisi tukiinama kumsaidia, na mwisho wa mwezi ule mlango wa Murera ukapanda tena mkokoteni. Jirani wa Ukuta alichungulia kwa pazia. Mwenye Meza alimpungia mkono, na mimi hasira yangu yote ikakosa pa kwenda. Nilimwambia, "Huyo ndiye amekuondoa!" Akasema, "Huyo alisikia vibaya kwa sababu alikuwa nje. Lawama ni kwa walioelezwa wakasikia vizuri, na bado wakanifukuza."

Alihamia Gitothua, kule Ruiru. Karani alihamishiwa Nairobi, Wambui akafungua saluni yake mwenyewe Nyeri na kunitumia salamu kwa kila gari. Mimi nilimtembelea Mwenye Meza mara moja moja, biashara ikiruhusu. Makongeni bila yeye ilinichosha. Nasema wazi, nilimkosa kama mtu anavyokosa jino.

Kisha, kuelekea mwisho wa ile miaka, Jirani wa Ukuta alikuja kibandani kwangu. Alishika leso moja, akaiacha, akashika nyingine. Mwenye ploti amefariki, akasema, sasa ni binti yake. Kile chumba kimekaa bure, wapangaji hawadumu. Binti hana neno, yuko tayari kumrudisha mama yule kwa kodi ile ile ya zamani. "Ila kanisa linataka asimame siku moja tu, aseme mambo yale aliyaacha. Dakika moja, Mswahili. Mwambie."

Nilikwenda Jumamosi hiyo hiyo, na nilitaka akubali. Masika yalikuwa yamepamba moto. Nilimkuta kwenye chumba cha mabati kinachovuja pembe mbili, magoti yamevimba, maji anachotewa mbali. Na meza imejaa! Dereva mstaafu wa lori, mama mmoja wa kuchuma kahawa na mwingine anayefulia watu nguo. Kikombe kimoja kilikuwa juu ya ramani kinakinga matone. Nilimvuta kando, nikamwambia yote, dakika moja, kodi ya zamani, bomba liko uani. Nikamwomba. Nilimshika mikono nikamwambia, "Rudi nyumbani, dada."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akarudi nyuma ya katoni yake, akakohoa, akawaambia wale watu:

"Mmefika mjini. Mvua inawapiga. Ndani kuna moto, kuna vitanda. Mlinzi wa lango anasema mtaingia bila shida, mradi kila mmoja aseme hajawahi kuwa msafiri na safari ilikuwa upumbavu. Mnafanya nini?"

Dereva akasema angetafuta lango lingine. Mchuma kahawa akasema angeuliza jina la mlinzi, siku moja atakutana naye. Yule wa kufulia, ambaye hakuwa amesema neno tangu niingie, aliisogeza pegi yake mpaka langoni.

"Mimi naketi hapo hapo nje ya lango," akasema. "Nawasha moto, napika chai. Wacha tuone. Watatoka wenyewe."

Mwenye Meza alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akanigeukia, macho yana maji, sijui ya kicheko au ya nini. "Umesikia jibu," akasema. "Wapelekee hivyo hivyo, na usilipunguze hata neno."

Nililia njiani, nikakasirika, nikalia tena. Lakini mjumbe ni mjumbe. Nilikwenda moja kwa moja Makongeni, nikamkuta Jirani wa Ukuta ameketi kitandani kwake, ukuta uko nyuma yake, ng'ambo kimya. Nikampa maneno yote kama nilivyopewa, lango, mvua, mlinzi, chai.

Alikunja shali yake, akaikunjua. Nilikuwa nimeshasimama kuondoka aliponiuliza, bila kuniangalia:

"Mtu akishuka steji ya Gitothua, anafuata njia gani?"